Sura ya Saba: Kaki za Ngano Iliyomea

Punje ya ngano iliyovunwa ikiwa imekomaa, ikaanikwa barabara na kuhifadhiwa mahali pasipo unyevu, huweza kukaa ghalani miaka kadhaa bila ya kuonyesha badiliko lolote la dhahiri, na katika muda wote huo kiini chake, kilichojificha kwenye ncha moja ya punje, huwa kimelala kikingoja mambo matatu tu, nayo ni maji, hewa, na joto la wastani. Yakikutana hayo matatu, kiini huamka, na kazi yake ya kwanza, kabla hata mzizi haujachungulia nje, ni kupeleka habari: hutoa homoni iitwayo jiberelini, ambayo hupenya hadi kwenye utando mwembamba uliozunguka akiba ya wanga, na utando huo, ukiisha kuipokea habari hiyo, huanza kutoa vimeng'enya vya kuuvunjavunja wanga uwe sukari, kwani mche mchanga hauwezi kuula wanga kwa jinsi ulivyo. Homoni hiyo ilitambulikana kwa njia ya maradhi ya mpunga, pale Mjapani Eiichi Kurosawa alipobainisha mwaka 1926 kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachoirefusha miche kupita kiasi, hata ikawa dhaifu na kuanguka, na Mjapani mwenzake, Teijiro Yabuta, akaipa jina mwaka 1935. Ama vile vimeng'enya, habari yake ni ya zamani zaidi, maana Anselme Payen na Jean-François Persoz walikipata kimojawapo katika shayiri iliyomea, huko Ufaransa, mwaka 1833, wakakiita diastazi, na hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa na wanadamu.

Nimetanguliza ilmu hii kwa sababu mtu atakayeifahamu hatahitaji kubebeshwa vipimo vingi. Kaki ninazokusudia kuzieleza katika sura hii, yaani bisikuti kavu, nyembamba, zisizo na sukari wala hamira, zifanywazo kwa ngano iliyomea ikasagwa mbichi na kukaushwa kwa joto dogo, zina mpishi mmoja tu wa kweli, naye ni kiini hicho. Mwenye nyumba ni msimamizi, na wajibu wake mkubwa ni kuijua saa ya kumwambia mpishi basi.

Waliozieneza kaki hizi katika zama zetu walikuwa watu wa Ulaya na Marekani, miongoni mwa wale walioshikilia kwamba chakula cha binadamu kisipitishwe motoni. Tabibu Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, aliyefariki mwaka 1939, aliwalisha wagonjwa wake matunda mabichi na nafaka iliyorowekwa, na athari yake ikaenea mbali. Edmond Székely, mtu wa asili ya Hungaria, aliyeanzisha pamoja na mkewe kituo cha afya cha Rancho La Puerta huko Tecate, Meksiko, mwaka 1940, alieneza kitabu alichodai kukifasiri kutoka katika hati za kale za madhehebu ya Waesene, na ndani yake mna maelekezo ya mkate wa ngano iliyomea, unaotandazwa mwembamba na kuachiwa jua tangu asubuhi hadi jioni. Ann Wigmore naye, mzaliwa wa Lithuania, aliisifu nafaka iliyomea mjini Boston kwa miaka mingi, hata mauti yalipomfika mwaka 1994. Wanazuoni waliozifuatia hati za Székely hawakuziona, wala sioni sababu ya msomaji kuitegemea nasaba hiyo. Mkate ukiwa mwema, wema wake uko ndani yake, na hauzidi kwa kunasibishwa na watu watakatifu wa kale.

Isitoshe, sisi wa Afrika ya Mashariki hatukungoja kuletewa habari za nafaka iliyomea. Kimea cha ulezi, ambao wengine huuita wimbi, ni mali ya majiko yetu tangu dahari: ndicho kitiwacho katika uji ukawa togwa huko Songea na Iringa, ndicho kiingiacho katika mbege ya Wachaga, na katika bushera ya magharibi ya Uganda kazi hiyo hiyo hufanywa na kimea cha mtama au cha ulezi. Tena kimea hicho kimekwisha kufanyiwa uchunguzi wa kitaalamu, maana Mosha na Svanberg walichapisha mwaka 1983 matokeo yao juu ya unga wa nafaka iliyomea, wakaonyesha kwamba kiasi kidogo chake kikitiwa katika uji mzito wa mtoto, uji ule hulegea ukanyweka pasipo kuongezwa maji. Maana ya jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtoto mdogo tumbo lake halichukui kingi, na uji mwepesi wa kawaida humjaza maji kabla hajapata chakula. Kimea humwezesha kupata katika kikombe kimoja nguvu ambayo angeitafuta katika vikombe kadhaa. Katika mambo yote niliyopata kusoma juu ya nafaka iliyomea, hili ndilo ninaloliona kuwa na heshima ya juu kabisa, na ni haki yake litajwe kabla ya kaki za mtu mzima mwenye wasaa wa kuchagua chakula.

Wapenzi wa vyakula vibichi huweka mpaka wa joto, aghalabu nyuzi 46 au 48 za Selsiasi, na hoja yao ni kwamba joto likizidi hapo vimeng'enya hufa, na vimeng'enya vikifa chakula nacho kimekufa. Hoja hii siikubali. Vimeng'enya ni protini, na vingi katika hivyo huvunjwa na asidi ya tumbo pamoja na protini nyinginezo tulazo. Faida yake kwetu ni ile kazi vilivyokwisha kuifanya ndani ya punje kabla hatujaitia kinywani, nayo haipotei kwa kupikwa. Wanga umekwisha kuanza kuvunjwa, utamu umekwisha kutokea, na ile asidi ya fitiki, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasipate kutumika vema mwilini, imepungua kwa kiasi fulani. Kwa hiyo sifa ya kaki hizi ni sifa ya kumea, na ubichi wake ni jambo la ladha. Wala ladha si jambo dogo: ngano iliyomea ikikaushwa polepole hubaki na harufu ya shamba na utamu wa upole, ambao tanuri kali huuondoa na kuleta mahali pake ladha ya mkate, na mtu aliyekwisha kuonja vyote viwili ana haki ya kupendelea cha kwanza bila ya kukitafutia miujiza.

Juu ya vitamini C vilevile inafaa pawe na insafu. Katika Vita Kuu ya kwanza, askari wa Kihindi waliokuwa Mesopotamia walishikwa na kiseyeye, na ni katika miaka hiyo Harriette Chick na wenziwe wa Taasisi ya Lister, London, walipothibitisha kwamba adesi na njegere zilizorowekwa zikamea hupata nguvu ya kukinga maradhi hayo, nguvu ambayo mbegu kavu haina. Lakini Kapteni James Cook, miaka mia na nusu kabla yao, alichukua merikebuni kimea cha shayiri kwa madhumuni hayo hayo, akakisifu mbele ya wataalamu wa Uingereza, ilhali kimea kile kilikuwa kimekwisha kukaushwa kwa moto, na leo twajua kwamba hakikuwa na vitamini C ya kutosha hata kidogo. Chipukizi likiliwa likiwa na maji yake ni kitu kimoja, na lililokaushwa ni kitu kingine; basi asitokee mtu wa kuacha machungwa kwa kutegemea kaki.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na mwanzo wake ni kuichagua nafaka, ambako ndiko wengi wanakoharibikiwa pasipo kujua sababu. Katika maduka ya pwani ngano nzima hununuliwa zaidi kwa ajili ya bokoboko, na nyingi katika hiyo imekwisha kutwangwa ikaondolewa kumbi zake. Ngano ya namna hiyo, hata ukiiroweka juma zima, haitamea, bali itavunda, kwa sababu kiini chake kimejeruhiwa au kimekwenda na makapi. Inatakiwa ngano isiyokobolewa, ya mavuno ya karibu, kama itokayo Narok na Uasin Gishu kwa walio Kenya, au Hanang na miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro kwa walio Tanzania. Mwenye shaka na aroweke punje mia za kujaribia, na zisipomea tisini au zaidi, ngano hiyo aisage unga wa chapati.

Lakini asije mtu akaona kwamba njia nyepesi ni kununua mbegu za kupandia. Mbegu hizo mara nyingi hutiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, na hupakwa rangi ili zijulikane. Mwaka 1971 Iraki ilipokea shehena kubwa za ngano na shayiri za mbegu zilizotiwa dawa yenye zebaki. Zikawafikia wakulima wakati wa kupanda umekwisha kupita kwa wengi wao, na wengine wakaziosha, wakaona rangi imetoka, wakadhani kwamba sumu nayo imetoka, wakapika mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitali, na vifo 459 viliandikwa humo hospitalini. Zebaki haitoki kwa kuoshwa, wala haina harufu ya kumwonya mlaji. Na kwa hiyo kanuni ya kwanza ya sura hii, isiyo na mjadala wala ruhusa, ni kwamba nafaka ya kuotesha kwa kula inunuliwe kwa auzaye chakula.

Mtama nao, pamoja na heshima yake yote katika nchi kavu, usioteshwe kwa kaki zisizopikwa, kwa kuwa chipukizi lake huzalisha sumu ya jamii ya sianidi, ile ile iwauayo mbuzi na ng'ombe wanapovamia shamba la mtama mchanga. Wafanyao kimea cha mtama hukikausha, hukisugua mpaka mizizi na vichipukizi vikang'oka, hukipepeta, na mwisho hukipika, na kila hatua katika hizo ina hikima yake. Maharage yaachwe kabisa. Ulezi wafaa, hususan kuchanganywa na ngano kwa kiasi cha theluthi moja, ingawa kumbi zake hukwaruza ulimi zisiposagwa laini. Na nafaka yoyote inayonuka kuvu, au iliyogeuka rangi, itupwe yote, maana sumu ya kuvu haiondolewi na maji wala na jua.

Twaa nusu kilo ya ngano, uipepete kwa uteo, uichambue mawe na punje zilizovunjika, kisha uioshe mpaka maji yawe maangavu. Uiroweke katika maji safi mengi usiku mmoja, au saa sita hadi nane tu kama ni majira ya joto, kwa sababu punje ikikaa majini kupita kiasi hukosa hewa, nayo huhitaji kupumua sawasawa na sisi. Asubuhi uimimine katika kung'uto lililotandikwa kitambaa cha melimeli, uifunike, uiweke kivulini penye hewa, na kila siku uisuuze mara tatu kwa maji safi ya kunywa na kuigeuza kwa mkono uliooshwa. Lundo la ngano inayomea hutoa joto lake lenyewe, nawe utalihisi ukipenyeza vidole katikati. Likiachwa bila ya kugeuzwa, zile za katikati huota mbio na kuchacha, ilhali za juu zimekauka.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Mizizi midogo myeupe, aghalabu mitatu, itachomoza kwenye ncha ya punje, na saa ya kuikomesha kazi ni pale mzizi mrefu kuliko yote unapofikia nusu ya urefu wa punje, au kwa wingi ukalingana nayo. Lushoto au Nairobi, penye baridi, jambo hili laweza kuchukua siku mbili. Tanga na Mombasa, wakati wa kaskazi, huwa tayari kabla ya usiku wa pili kuingia. Anayejifunza huiona mizizi inarefuka, akafurahi, akaona afadhali aingoje mpaka kesho ili faida izidi. Na kesho yake hukuta jani la kijani limechomoza, mizizi imesokotana isiyosagika, utamu umeanza kuliwa na mche, na mahali pake pameingia ukali wa majani. Rojo la ngano iliyopitiliza hunata mikononi halishikiki, kwa kuwa wanga uliopaswa kulipa umbo umegeuka sukari kupita kiasi, na kaki zake hutoka nyeusi na laini, zisikauke hata kwa jua la siku mbili. Ikiwa huna wasaa wa kusaga saa ile ile, itie ngano ndani ya friji, ambamo kazi ya kiini hupungua mno, nawe utakuwa umepata siku moja ya nyongeza.

Nusu kilo ya ngano kavu, ikimea, huwa takriban gramu 800. Isage kwa mashine ya kusagia nyama, au uitwange kinuni, pasipo kuitia maji ila ya kulowesha tu mashine ikikwama. Nusu iwe laini, na nusu ibaki na chembechembe, ili kaki zipate kutafunika. Kwa kuwa rojo hili haliendi motoni, lahitaji kitu cha kuliunganisha, na hakuna kilicho bora kuliko mbegu za kitani, vijiko vitatu vikubwa, zilizosagwa na kuloweshwa mpaka zikatoa ute. Ongeza kijiko kimoja cha chai na nusu cha chumvi, maji ya ndimu moja, kitunguu thomu kilichopondwa, bizari nyembamba iliyotwangwa wakati ule ule, na ufuta kwa kadiri ya kupenda. Asali siitii, ijapokuwa wengi huitia, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu.

Tandaza rojo hilo juu ya jani la mgomba lililopashwa moto kidogo likalegea, au juu ya karatasi ya kuokea, unene wake usizidi milimita tatu, na ulikate miraba kwa kisu kabla halijakauka. Wembamba huu una sababu yake: rojo lenye unyevu, likikaa saa nyingi katika joto la nyuzi 30 au 40, ni malisho ya kila namna ya bakteria, na kinga ya mwanadamu ni kuyaondoa maji upesi kuliko bakteria wanavyoweza kuzaana. Basi kaki zianikwe juu ya kichanja, hewa ipite chini na juu, zifunikwe melimeli kwa ajili ya nzi, zianze kupata jua saa mbili asubuhi, zigeuzwe mchana uso wa juu ukiisha kukauka, na ziingizwe ndani kabla ya umande. Katika kaskazi, kuanzia Desemba hadi Februari, siku moja yaweza kutosha; Dodoma, penye hewa kavu, hutosha pasi na wasiwasi. Katika masika kazi hii isijaribiwe kwa jua, bali kwa kikaushio cha umeme, au katika tanuri iliyowashwa kwa moto mdogo kabisa huku mlango wake umeachwa wazi kidogo. Kaki zilizofikwa na machweo zingali laini zimalizwe tanurini usiku ule ule, wala zisilazwe zikangojewa jua la kesho.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu kumea kunakomwamsha kiini huwaamsha na wasioalikwa. Mwaka 2011, huko Ujerumani, vichipukizi vilivyooteshwa kwa mbegu za uwatu zilizotoka Misri vilisababisha maradhi ya bakteria yaliyowapata maelfu ya watu na kuwaua zaidi ya 50. Mbegu kwa macho zilikuwa safi, na uchafu uliokuwamo ulizaana katika siku zile zile chache za kuoteshwa. Joto la nyuzi 46 haliwaui wadudu hao, na kukauka huwazuia kuzaana tu pasipo kuwaangamiza. Kwa hiyo wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa wasipewe kaki zisizopikwa, hata kama mpishi wake ni hodari. Hao watengewe sehemu yao ya rojo, iokwe ingali na maji yake katika tanuri ya nyuzi 160 mpaka ikauke na kugeuka rangi; kuzioka kaki zilizokwisha kukauka hakuna faida sawa na hiyo, kwa kuwa bakteria wakiwa wakavu hustahimili joto kuliko wakiwa katika unyevu. Hawatakuwa wamepunjwa, maana kazi ya kiini imo ndani ya kaki zao vilevile.

Kaki iliyo tayari huvunjika kwa mlio. Inayopinda irudishwe juani. Zikiisha kupoa zitiwe mkebeni, mfuniko ukazwe, na baada ya majuma mawili hivi zionjwe kabla ya kuandaliwa, kwa kuwa mafuta ya kitani na ya ufuta huingia uchungu upesi kuliko ngano. Zikilegea kwa unyevu wa hewa, saa moja ya jua kali huzirudishia ukavu wake. Huliwa na parachichi lililopondwa, na chatne ya nazi, na samaki wa kukaanga aliyepoa. Na kwa wale wanaofunga, hufaa sana wakati wa daku, kwani hutafunwa polepole na mtu hushiba nazo kwa idadi ndogo.